Sponji Chini ya Supachaja: Sitara Inayoila Injini

Fundi anayefungua supachaja katika injini ya umbo la V huianza kazi yake kwa subira, kwa kuwa chombo hicho kimekaa juu ya kila kitu na kimefungamana na kila kitu: mkanda unaokizungusha, mipira ya maji, paipu za petroli, nyaya za sensa, na safu za bolti zinazokishikilia baina ya vichwa viwili vya silinda. Akishakinyanyua na kukiweka mezani, hubaki bonde refu kati ya safu mbili za silinda, na ndani ya bonde hilo aghalabu hulikuta tandiko la sponji jeusi, lililokatwa kwa kipimo cha mahali penyewe, ambalo limekaa humo miaka kadha wa kadha bila ya kuonwa na jicho la mwenye gari. Gari likiwa na bahati, sponji hilo huinuka jepesi na kavu. Likikosa bahati, huinuka zito, na likiminywa hutoa maji ya rangi ya kutu yenye harufu tamu ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Na chini yake alumini, iliyotoka kiwandani iking'aa rangi ya fedha, imefunikwa na unga mweupe na kutobokatoboka vishimo visivyozidi upana wa kichwa cha pini, huku vichwa vya bolti za chuma vimeumuka kwa kutu hata spana haivishiki tena.

Ajabu ya maradhi haya ni kwamba kilichoyaleta kiliwekwa pale kwa makusudi mema. Sponji lile halikuanguka humo kwa bahati mbaya wala kwa taksiri ya fundi. Liliwekwa na wahandisi wenye maarifa yao ili litimize kazi mbili za maana, nazo ni kunyamazisha kelele na kuzuia joto. Tutakayoyaeleza hapa ni jinsi sifa ile ile iliyolifanya sponji lifae kwa kazi hizo ilivyolifanya pia kuwa ghala la maji, na jinsi maji hayo, yakishakosa njia ya kutoka, yanavyoihujumu injini mahali ambapo hapana mtu wa kutazama.

Yafaa kwanza kukijua chombo chenyewe. Injini hupata nguvu zake kwa kuunguza petroli iliyochanganyika na hewa, na katika viwili hivyo petroli ni rahisi kuongezwa, lakini hewa, ikiachwa iingie kwa hiari yake, haizidi kadiri ambayo pistoni inaweza kuivuta. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, ikaisukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu, ili petroli nyingi zaidi ipate kuungua na gari lipate mwendo ambao injini ya ukubwa wake isingeuweza. Asili ya aina iliyoenea zaidi ni ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots wa Connersville katika jimbo la Indiana, ambao mwaka 1860 walipata hataza ya kipuliziaji chenye mapanga mawili yanayozunguka kwa kupishana. Na kwa miaka mingi chombo chao kilitumika kupuliza tanuri za kuyeyushia chuma kabla ya kufikiriwa kwa magari. Gottlieb Daimler wa Ujerumani alipata hataza ya kuisukumia injini hewa mwaka 1885, na mwaka 1921, katika maonyesho ya Berlin, kampuni ya Mercedes ilionyesha magari ya kuuzwa kwa watu yaliyokuwa na supachaja.

Katika injini za zamani zenye silinda zilizopangwa mstari mmoja, supachaja ilitiwa mbele au ubavuni, ikapigwa na upepo wa safari na kuonekana na kila aliyefunua boneti. Injini ya V ilibadilisha dasturi hiyo, kwa kuwa baina ya mikono yake miwili, ambayo aghalabu huachana kwa pembe ya digrii 90, pana nafasi tupu inayomshawishi kila mbunifu aliyeagizwa kubana injini katika gari la kisasa. Jaguar ilipotoa XJR ya silinda nane mwaka 1997, iliiweka humo supachaja ya Eaton aina ya M112, ambayo jina lake latokana na inchi za ujazo 112 za hewa inazopitisha kwa mzunguko mmoja, kiasi kinachokaribia lita mbili kasoro kidogo. Range Rover Supercharged ilifuata mwaka 2005 kwa injini ya jamaa hiyo hiyo, na Audi ikaja mwaka 2008 na injini yake ya silinda sita ya lita tatu yenye supachaja bondeni. Nafasi ikatumika yote, na bonde lililokuwa wazi likapata paa.

Paa hilo lina kelele. Mtambo wa akina Roots haukandamizi hewa ndani yake. Huibeba kwa mafungu kutoka upande wa kuingilia hadi upande wa kutokea, na kila fungu linapofunguka kwenye upande wenye shinikizo, hewa iliyosongwa hurudi nyuma kwa ghafla kulijaza. Mirudio hiyo, inayotokea mara nyingi mno kwa nukta moja, ndiyo chanzo cha mlio mwembamba wa kupanda ambao wapenzi wa magari ya mbio huupenda na abiria wa gari la fahari huuchukia. Wahandisi walijaribu kuutuliza kwa kuyasokota mapanga, ili fungu la hewa lifunguke polepole. Eaton walianza na mapanga matatu yaliyosokotwa kwa digrii 60, kisha katika kizazi kilichofuata wakafikia mapanga manne yaliyosokotwa kwa digrii 160. Mlio ulipungua, walakini haukwisha, na uliobaki ulishuka bondeni na kugonga kuta mbili za chuma zinazotazamana. Zaidi ya hayo, joto la injini hupanda kutoka bondeni likaipasha supachaja na hewa iliyomo, na hewa ya moto ni hewa hafifu, yenye oksijeni chache kwa kipimo kile kile. Kwa sababu mbili hizo sponji likatandikwa.

Sponji la namna hii kwa kawaida hutengenezwa kwa poliyurithani, mada iliyovumbuliwa mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani. Ndani yake mna vijumba vingi vya hewa, navyo ni vya aina mbili. Vijumba vilivyofungwa, kila kimoja na kuta zake, havipitishi maji, lakini sauti inapovifikia hurudi ilikotoka kwa sehemu kubwa. Vijumba vilivyo wazi, vinavyoingiliana kwa vijia vyembamba, huiacha sauti iingie. Na humo ndani hewa inayotikiswa na sauti hukwenda na kurudi ikisuguana na kuta za vijia, mpaka nguvu zake zikageuka joto dogo lisilosikika wala kuhisika. Kwa hiyo anayetaka kuimeza sauti hana budi kuchagua sponji lenye milango wazi, na milango iliyo wazi kwa hewa iko wazi kwa maji pia. Tena vijia vile kwa wembamba wake huyashika maji yasidondoke, hata sponji likaweza kubaki limelowa ingawa chini yake pana tundu la kuyatoa.

Maji hayo hufika kwa njia nne. Ya kwanza ni mvua inayopenya pembezoni mwa boneti, na pamoja nayo maji ya kuoshea injini. Ya pili ni umande: gari linapopoa usiku, hewa yenye unyevu iliyomo bondeni huacha matone juu ya chuma baridi, na sponji likayanyonya. Ya tatu ni hewa ya pwani, ambayo huja na chumvi ndani yake. Ya nne, iliyo mbaya kupita zote, ni kulanti yenyewe, kwa sababu katika injini nyingi za aina hii mipira na paipu za kulanti hupita bondeni, chini ya supachaja, mahali penye joto jingi, ambapo mpira hukauka na plastiki hupasuka mapema. Ufa mwembamba hutoa kijasho kisichofika sakafuni kikaonekana, kwa kuwa sponji hukinywa chote.

Msomaji ataweza kuuliza: je, injini inayofikia joto la digrii 90 na zaidi haikaushi kitu kilicho juu yake? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha habari hii. Kinachokausha si joto peke yake; ni joto pamoja na njia ya mvuke kuondoka. Bondeni mvuke hupanda, ukakutana na tumbo la supachaja, na injini ikizimwa hugeuka maji na kurudi ulikotoka. Gari linalofanya safari fupi za mjini hurudia mzunguko huo kila siku bila ya kuumaliza.

Na joto hilo, lisipokausha, huzidisha madhara. Watu wa mitambo ya mafuta na kemikali wamelijua jambo hili kwa hasara kubwa, maana paipu zao za chuma zilizovikwa mavazi ya kuzuia joto huliwa na kutu ndani ya vazi huku nje zikionekana salama, na miongozo yao huonya juu ya paipu za chuma cha kawaida zenye joto kuanzia digrii 12 chini ya sifuri mpaka digrii 175. Katika chombo kilicho wazi, mwendo wa kutu huongezeka kadiri maji yanavyopata moto hadi kwenye digrii 80 hivi, kisha hupungua, kwa kuwa oksijeni huyakimbia maji ya moto. Katika chombo kilichofungwa oksijeni haina pa kukimbilia, na mwendo wa kutu huzidi kupanda. Sponji lililolowa na kukandamizwa baina ya vyuma viwili hufanana zaidi na chombo kilichofungwa, na joto la kawaida la injini limo lote ndani ya mipaka ile ya hatari.

Hapo alumini hushambuliwa kwa namna ambayo wengi hawaitarajii, kwa kuwa sifa ya alumini ni kutopata kutu. Sifa hiyo ni ya kweli kwa masharti. Alumini hujivika yenyewe utando wa oksidi wenye unene wa sehemu chache tu za milioni za milimita, na utando huo ukikwaruzwa penye hewa hujirudisha mara moja. Lakini hudumu vyema katika maji yasiyo na tindikali nyingi wala ukali wa magadi, na adui wake mkubwa ni kloridi, ile iliyomo katika chumvi ya bahari na katika chumvi inayomwagwa barabarani huko Ulaya wakati wa barafu. Kila sponji linapopungukiwa na maji kwa joto, chumvi iliyokuwamo hubaki na kuzidi ukali, ikatoboa utando hapa na pale. Kulanti nayo haileti nafuu: ingali mpya, dawa zilizomo huilinda alumini, ikishavuja na kukaa penye joto na hewa, glaikoli iliyomo ndani yake huungana na oksijeni ikageuka tindikali, na dawa zile huchoka.

Kisha pana tofauti ya hewa. Ulick Evans wa Cambridge, katika utafiti alioufanya tangu miaka ya 1920, alionyesha kuwa chuma kilicholowa, kikiwa na upande unaopata oksijeni nyingi na upande unaonyimwa, hugeuka chanzo cha umeme mdogo, na upande unaonyimwa ndio unaoliwa. Chini ya sponji ndipo panaponyimwa. Ndiyo maana ukomo wa madhara mara nyingi hufuata ukingo wa tandiko, nje yake chuma kikiwa kizima na ndani yake kimechimbika.

Mwisho wa mashambulizi hayo ni mkutano wa madini mbalimbali, na juu ya jambo hilo Jeshi la Majini la Uingereza lilipata funzo ambalo bado lafaa kusimuliwa. Mwaka 1761 manowari iliyoitwa Alarm ilivikwa mabamba ya shaba chini ya maji ili kuikinga na wadudu wa baharini watoboao mbao, ikapelekwa visiwa vya Karibi. Iliporudi na kukaguliwa, shaba ilikuwa nzima, lakini misumari ya chuma iliyoishikilia ilikuwa imelika, na mabamba mengine yalikuwa yameachia. Wakaguzi waliona jambo moja la pekee: misumari michache ilikuwa salama kabisa, nayo ni ile ambayo karatasi ya kahawia iliyofungiwa shaba ilisahauliwa baina yake na bamba. Karatasi ilizitenga shaba na chuma zisigusane, na umeme mdogo unaopita baina yao kwa njia ya maji ya chumvi ukakatika. Katika injini yetu alumini ndiyo iliyo dhaifu, na bolti za chuma ndizo zenye nguvu. Lakini badala ya karatasi ya kuzitenga, pana sponji lililojaa maji ya chumvi linalozigusa zote mbili kwa wakati mmoja. Alumini huliwa kuzunguka bolti, na unga wake mweupe, ambao huchukua nafasi kubwa kuliko madini uliotokana nayo, huibana bolti mpaka fundi anapoizungusha ikakatikia ndani. Bolti nayo, rangi ya zinki iliyopakwa ikishakwisha, huanza kutu yake yenyewe.

Watu wa pwani wana mfano wa jambo hili katika majumba yao. Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyokunywa maji na kuyatoa tena kwa upepo. Zilipokuja kupigwa lipu ya saruji kwa nia ya kuziimarisha, unyevu uliopanda kutoka ardhini ulikosa pa kutokea, ukabaki ukutani kuilegeza chokaa na kuozesha vichwa vya boriti. Lipu ile na sponji hili zina kosa moja: zote zilizuia kutoka bila ya kuweza kuzuia kuingia.

Habari hii yawahusu Waafrika Mashariki kwa sababu ya dhahiri. Magari ya fahari yenye supachaja huja kwetu yakiwa yametumika, na mengi huja kutoka Uingereza, ambako nako usukani uko kulia. Na Kenya, ambayo haikubali gari lililopita umri wa miaka minane, huyapokea yakiwa tayari yamepita majira kadha ya baridi katika barabara za chumvi. Yakifika, huingia katika hewa ya Mombasa au Dar es Salaam, kisha hupelekwa pale pa kuoshea magari, ambapo kijana mwenye pampu ya nguvu hufunua boneti na kuimiminia injini maji na sabuni mpaka ing'ae, hususa gari linapotafutiwa mnunuzi. Mng'ao huo wa juu hugharimiwa na bonde la chini, ambalo hupokea kila tone lililopita.

Dalili zipo kwa anayezitafuta. Kulanti inayopungua mwezi hadi mwezi pasipo tone sakafuni. Harufu tamu inayosikika injini inapozimwa. Ukoko mweupe au wa waridi nyuma ya injini, pale inapokutana na giaboksi. Taa ya onyo inayowaka siku za mvua na kuzimika siku za jua, kwa kuwa katika injini nyingi za V sensa zinazosikiliza kugonga kwa silinda hukaa bondeni na vichwa vya nyaya zake hushika kutu: kila moja ya hizo inaweza kuwa na sababu nyingine, lakini zikikutana mbili au tatu, supachaja haina budi kufunguliwa.

Ikifunguliwa, kazi ifanywe kwa ukamilifu, kwa kuwa gharama kubwa iko katika kuifungua, na sponji lenyewe ni kitu cha bei ndogo. Mipira na paipu zilizo chini yake zibadilishwe zote, hata zile zinazoonekana nzima. Unga mweupe uondolewe kwa burashi ya plastiki, kwa maana burashi ya waya wa chuma huacha chembe za chuma ndani ya alumini na kupanda mbegu ya ugonjwa mpya. Pahali pakaushwe, na vishimo vilivyo karibu na sehemu za kuzuia maji au mafuta vipimwe na mtu mwenye ujuzi kabla ya kufunikwa tena. Sponji lililolowa lisirudishwe hata likianikwa juani, kwa kuwa maji huondoka na chumvi hubaki.

Juu ya kitakachowekwa mahali pake, watu huhitilafiana. Wapo wenye magari wanaoliacha bonde wazi na kuvumilia kelele, na hoja yao ina uzito; ila wanapaswa kukumbuka kwamba sponji lilikuwa na kazi ya pili ya kuzuia joto, na kwamba kila injini ina hesabu zake. Lisilokuwa na mjadala ni hili la mafundi wengine wa mitaani kukata kipande cha godoro na kukitia humo: sponji la godoro halikutengenezwa kwa joto lile, hulowa haraka kuliko lililotolewa, na likikaa chini ya paipu za petroli ni kuni zinazongoja cheche. Aliye na nafasi ya kuchagua achague mada ya vijumba vilivyofungwa iliyotengenezwa kwa joto la injini, akubali kelele kidogo zaidi, na asiibane hata ikaziba njia ya hewa pembeni.

Sponji litakalochaguliwa, hata liwe bora namna gani, halitafaa kitu kama bonde halina mlango. Baadhi ya injini zimetobolewa tundu la kutolea maji nyuma ya bonde, nalo huzibwa na vumbi, majani, na makombo ya sponji lenyewe linapozeeka. Fundi asiyeijua injini hulipita bila ya kuliona. Mwenye gari asione haya kuuliza tundu hilo liko wapi, kuomba limiminiwe maji kidogo mbele ya macho yake, na kusubiri ayaone yakitoka chini kabla ya kuruhusu supachaja irudishwe mahali pake.